Gemu Imekosa Ladha: Anza na Padi, Malizia na Macho

"Fundi, hii gemu siyo."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko shikamoo. Anakuja nayo mwanafunzi wa Ng'ong'ona, hapa Dodoma, aliyenunua diski kwa pesa ya bumu, yaani mkopo wa chuo. Anakuja nayo baba aliyemnunulia mwanawe PlayStation, na wiki ya pili mtoto kesharudi kwenye katuni. Anakuja nayo hata jamaa aliyeuza PES, gemu yake ya mpira ya zamani, ili ahamie gemu mpya, na sasa anajuta. Wote wanataka niwaambie neno moja tu: rudisha, uza, au nunua nyingine.

Miaka niliyokaa na chumba cha gemu chenye TV nne, na meza ya kutengenezea padi, vile vidhibiti vya mkononi, kwenye kona, imenifundisha kutowajibu haraka. Mara nyingi diski ni nzima, mashine ni nzima, na mchezaji mwenyewe hana kasoro. Ugonjwa umekaa katikati yao: kwenye kidole gumba, kwenye waya, kwenye remoti ya TV, kwenye kiwango cha ugumu alichochagua bila kufikiri, au, siku hizi za miwani ya VR inayokufunika macho na kukuweka ndani ya gemu, ndani ya sikio lake. Ninapotafuta nafuata mpangilio huo huo, kutoka mkononi kwenda kichwani. Sababu yangu ni ya kibahili: vipimo vya mwanzoni ni vya bure, na tatizo la mwanzoni lina tabia ya kuvaa sura ya tatizo la mbele. Padi mbovu inajifanya gemu ngumu. TV ya kuchelewa inajifanya mchezaji mzembe. Ukianzia mwishoni utamtibu malaria mtu anayeumwa jino.

"Mchezaji wangu anatembea mwenyewe"

Umeachia padi kabisa, lakini beki wako anajisogeza taratibu kuelekea kushoto na kuacha uwazi. Au kamera inapanda yenyewe mpaka unaangalia mawingu. Mwanzoni huonekani kuumwa, unahisi tu kwamba leo mpira haukai mguuni. Wengi hukaa na hali hiyo miezi wakidhani wameshuka kiwango.

Chini ya kila analogi, kile kijiti cha kidole gumba, kuna vipande viwili vidogo, kimoja cha juu na chini, kingine cha kushoto na kulia. Ndani ya kila kimoja mna ukanda wa kaboni na kidole chembamba cha chuma kinachotambaa juu yake. Padi inasoma pale kidole kiliposimama na kujua umesukuma kiasi gani. Kaboni ikilika, au vumbi likikaa katikati, kidole kinasema "tumesogea" wakati hatujasogea. Kwa sisi wa Dodoma vumbi hilo si jambo la kufikirika. Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo unavuma na kila kitu kinageuka rangi ya udongo, na padi iliyolala sakafuni inakula vumbi kama kila kitu kingine.

Kipimo: unganisha padi na kompyuta au simu, fungua moja ya kurasa za bure zinazoonyesha padi inavyosomeka, kisha iweke mezani na uondoe mikono. Kila upande wa analogi unasomeka kati ya -1 na 1. Ikiwa imetulia karibu na 0, iache. Ikiwa inasoma 0.15 huku hakuna aliyeigusa, umeshampata mwizi.

Kuna kijana aliniletea padi ya PS4 akiapa kwamba haijawahi kuanguka. Nikafungua skrubu nne za nyuma, nikachomoa waya wa betri kwanza, nikainua bodi. Chini ya analogi ya kushoto kulikuwa na pete nyekundu, ngumu, inang'aa. Nikadhani ni kutu ya aina gani hii. Nikaigusa kwa ncha ya bisibisi, ikanata. Ilikuwa ubuyu. Sukari na rangi ya ubuyu vilikuwa vimeshuka kutoka kidoleni, siku baada ya siku, vikachanganyika na vumbi na kuwa gundi. Nikamwangalia vidole, naye akavificha mgongoni kama mtoto wa chekechea.

Iliyoziba kwa uchafu inasafishika: pampu ya kupulizia, kisha spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, ile ya asilimia 90 kwenda juu, matone machache, zungusha analogi, acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Iliyolika kaboni utaisafisha leo na itarudi baada ya wiki mbili. Hiyo inahitaji analogi mpya, na kwenye padi ya PS4 ni kutoa solda kwenye pini 14, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu. Ukibadilisha, ulizia zile zinazotumia sumaku badala ya kaboni. Hakuna kinachosuguana ndani yake, kwa hiyo hazina ukanda wa kulika, ila lazima zipimwe upya baada ya kufungwa, la sivyo zitakuwa na katikati ya uongo tangu siku ya kwanza.

Kama huna pesa wiki hii, baadhi ya gemu, hasa za kurushiana risasi, zina mpangilio wa kuongeza eneo la katikati ambalo gemu inalipuuza. Ongeza kidogo kidogo mpaka mchezaji atulie. Utapoteza wepesi wa mguso mdogo, lakini utacheza.

Nakuomba jambo moja tu: usitie mafuta ya cherehani. Yanalainisha kwa siku mbili, halafu vumbi linakuja kuyanywa na unabaki na tope.

"Nabonyeza leo, anapiga kesho"

Tatizo hili ndilo linaloiba raha nyingi zaidi bila kushikwa, kwa sababu halina sauti wala halionekani. Mchezaji anahisi tu kwamba gemu ni nzito, kana kwamba anacheza ndani ya uji.

Kipimo ni kubadilisha TV bila kubadilisha kitu kingine chochote. Mashine ile ile, padi ile ile, gemu ile ile. Malalamiko yakiisha, usiguse mashine.

TV bapa haionyeshi picha kama ilivyoipokea. Inaipokea, inaikuza, inalainisha mwendo, inaongeza rangi, ndipo inaileta kwenye kioo. Ukiwa unaangalia tamthilia hujali. Kwenye gemu, urembo huo kwa baadhi ya TV unaweza kula milisekunde 100 na zaidi. Gemu ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde inatoa fremu moja kila milisekunde 16.7, kwa hiyo unachokiona ni habari ya fremu sita zilizopita. Unapoona pengo la kupigia, beki ameshalifunga. Dawa iko kwenye remoti: ingia mipangilio ya picha, chagua mtindo ulioandikwa "Game". Rangi zitafifia kidogo. Mteja mmoja alilalamika kwamba nimeharibu TV, nikamwomba acheze mechi moja kwanza. Hakuuliza tena habari za rangi.

Wenye PS2 (bado mpo, nawajua) mnateseka zaidi kwenye TV bapa, maana zile waya za njano, nyekundu na nyeupe zinaleta picha ndogo ambayo TV inahangaika kuikuza. Kama nyumbani kuna TV ya kichogo imefunikwa kitambaa na juu yake pamewekwa maua ya plastiki, ombeni ruhusa kwa mama muishushe. TV ya kichogo inachora picha papo hapo inapoipokea. Vijana wanaicheka, mpaka waishike padi.

Angalia na haya kwa haraka. Spika ya bluetooth inachelewesha sauti, utasikia goli baada ya kuliona, tumia waya. Padi yenyewe, kuchomeka waya peke yake hakutoshi: kwenye PS4 na PS5 kuna mahali pa kuchagua kwamba padi iwasiliane kwa waya badala ya bluetooth, na waya uwe wa kupitisha data, si ule wa chaji tu uliokuja na tochi. Ukicheza mtandaoni, kasi ya bando si kipimo. Unachohitaji ni muda mfupi wa kwenda na kurudi, na intaneti inaweza kuwa na kasi kubwa ya kupakua filamu huku ikiwa na safari ndefu kwenda seva. Na kwa wa simu: mchana wa Oktoba, simu ipo kwenye chaji, ina kava nene, halafu unashangaa fremu zinaanguka. Simu ikipata joto inajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue. Ichomoe, ivue kava, kaa kivulini.

"Nataka shuti, inatoka krosi"

Ukiona mtu mzima ambaye anajua mpira, anajua timu, anajua hata mfumo wa kocha, lakini kila akifika langoni anapiga mpira juu kwenda kusikojulikana, muulize amekulia wapi. Nina maana amekulia PES au FIFA, gemu mbili za mpira zilizokuwa mahasimu.

Kwenye PES ya PlayStation, shuti ni mraba na pasi ndefu au krosi ni duara. Kwenye FIFA ni kinyume: duara ndiyo shuti, mraba ndiyo krosi. Huyu bwana akili yake inasema "piga", na kidole, ambacho kimefanya kazi hiyo hiyo miaka 15, hakisubiri maelezo. Tangu PES ilipogeuzwa kuwa eFootball mwaka 2021 na wengi kuhamia upande wa pili, ambao nao ulibadilisha jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, nimekuwa nikipokea wakimbizi wa aina hii kila mwezi.

Tiba ni ya sekunde ishirini. Kwenye mipangilio ya vitufe ya FIFA na FC kuna mtindo unaoitwa "Alternate", ambao unabadilishana vitufe hivyo viwili. Chagua huo, endelea na maisha. Wapo wanaokuambia ujifunze upya kama mwanaume. Sioni faida yake. Kidole kilichojifunza kitu utotoni ni mali, kwa nini ukifukuze kazi?

Kukaba ni habari nyingine, na hapo sina njia ya mkato. Tangu FIFA 12 ukabaji wa kawaida umekuwa wa kusubiri na kuchagua wakati wa kuingiza mguu. Aliyezoea kushikilia kitufe kimoja na kumwacha beki akimbie mwenyewe kama mbwa wa ulinzi atapitwa mpaka akome. Mpe nusu saa ya mazoezi ya kukaba peke yake, asifunge goli lolote.

Kwenye gemu za kutembea na kupiga risasi kuna ndugu yake tatizo hili: mtu akivuta analogi nyuma ili aangalie juu, anajikuta anaangalia viatu. Aliyeanza na gemu za ndege alizoea kuvuta nyuma ili kupanda. Kuna mpangilio wa kugeuza mhimili huo karibu kwenye kila gemu ya aina hiyo. Ugeuze bila aibu.

Badilisha kitu kimoja kwa siku moja. Anayebadilisha vitufe, kasi ya kamera na kiwango cha ugumu kwa mkupuo hatajua kipi kilimponya na kipi kilimwongezea ugonjwa.

"Nafungwa tano kila siku"

Sasa tumefika kwenye ugumu, na naomba tusifike hapa kabla ya kupita kule juu. Nilikuwa na mteja, kijana wa kidato cha tatu, aliyekaa mwezi mzima kwenye kiwango cha "Amateur" akiamini hana kipaji. Nyumbani kwao TV ilikuwa kwenye mtindo wa filamu. Siku mama yake aliponipigia nimwelekeze kwenye remoti, jioni ile ile alipanda viwango viwili. Kipaji kilikuwepo, kilikuwa kinafika kimechelewa.

Ukishahakikisha mkono na TV ni salama, usiangalie matokeo. Matokeo ya tano bila hayakuambii kitu. Muulize aliyefungwa swali moja: umefungwaje?

Akijibu, "Nimemwacha winga wa kulia apande, beki wangu akatoka, wakapita pale," kiwango chake ni sahihi hata kama amefungwa nne. Ameona kosa, na kesho atakuwa na kitu cha kurekebisha. Akijibu, "Sijui, imetokea tu," basi gemu inakwenda kasi kuliko macho yake na hajifunzi chochote. Mshushe ngazi moja. Na ukimuuliza mshindi wa tisa bila akashindwa kukumbuka hata goli moja alilofunga, mpandishe, maana huyo yuko usingizini.

Ngazi zenyewe hazikupangwa kwa hatua sawa. Kwenye FIFA na FC, kutoka "Semi-Pro" kwenda "Professional" watu wengi wanahisi wameruka korongo. Hapo ndipo vitelezi vinapoingia: namba za 0 mpaka 100, zikianzia 50, za kasi, makosa ya pasi, uwezo wa kipa na mengine, kwa upande wako na wa kompyuta kila mmoja peke yake. Baki kwenye ngazi ya juu lakini punguza kasi ya kompyuta kidogo, 50 kuwa 46. Wiki ijayo irudishe 48. Ni sawa na kuongeza chumvi kwenye mlenda, unaonja kwanza.

Kuna wanaoona kushusha ugumu ni aibu. Nawakumbusha Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliyekuwa akiihamishia gemu ya Gradius kwenye mashine ya Nintendo mwaka 1986. Alipotaka kuijaribu alikuta ni ngumu mno kwake, hawezi kuimaliza. Akajiwekea mfuatano wa siri wa vitufe, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, unaompa karibu silaha zote. Akasahau kuutoa, na ulimwengu mzima ukaujua. Fundi wa gemu mwenyewe alihitaji msaada kwenye gemu iliyokuwa mikononi mwake.

Zipo gemu zinazokushushia bila kukuambia. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 inakupima chinichini: ukifa mara nyingi maadui wanapungua makali, ukicheza vizuri wanaongezeka. Zipo zinazokuambia waziwazi, kama Celeste ya 2018, ambayo inakuruhusu kupunguza mwendo wa gemu nzima kwa asilimia 10 10 mpaka nusu. Na zipo kama Dark Souls ya 2011, hazina ngazi ya kuchagua kabisa; unaingia kama ulivyo na kutoka kama ulivyofanywa. Hiyo usimnunulie mtu anayetoka kazini Mtumba, kule mji wa Serikali, saa kumi na mbili jioni akitafuta pa kupumzikia, kisha uje kwangu kuniambia disk ni mbovu.

Lile la "gemu inanionea dakika ya 90" nalijua. Kwamba kompyuta imeamua lazima usawazishiwe. Wachezaji walifungua kesi California mwaka 2020 wakiituhumu EA, watengenezaji wa FIFA, kwa jambo hilo, kampuni ikakana, na mwaka uliofuata walalamikaji wakaiondoa kesi. Ninachokiona mimi kwenye TV zangu ni hiki: dakika ya 80 mtu anaongoza moja, anaacha kucheza mpira na kuanza kuangalia saa, wachezaji wake wamechoka na hajafanya mabadiliko hata moja. Angalia mstari wa nguvu za beki wako wa pembeni kabla hujaenda mahakamani.

Na kuna ugumu ambao haumo kwenye diski. Vibanda vingi vinatoza kwa mechi, na sheria ni moja: anayefungwa anatoka. Mgeni analipa, anafungwa ndani ya dakika kumi, anakaa benchi saa nzima akiangalia mabingwa wa mtaa. Hapo hata gemu nyepesi kuliko zote ni ngumu. Mimi asubuhi za siku za wiki nilihamia kutoza kwa saa, na kwa ndugu wawili wenye uwezo tofauti nikaweka sharti: kaka mkubwa achukue timu dhaifu, ya nyota mbili. Kelele ziliongezeka, na wadogo wakaanza kurudi bila kusukumwa.

"Kichwa kinazunguka"

Miwani ya VR niliipata mwaka 2024, mwaka ule ule treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma. Ni Quest 2, iliyotumika, na ilishuka stesheni ndani ya begi la mpwa wangu ikiwa imeviringishwa shuka. Tangu hapo nimejifunza magonjwa mapya.

La kwanza ni kichefuchefu. Ukitaka kuelewa chanzo chake, kumbuka basi la Iringa likipanda kona za Nyang'oro nawe umeinamia simu. Sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mizani, linasema tunayumba. Macho yanaona kioo cha simu kimetulia. Mwili haujui umsadiki nani, unaamua kutapika. Kwenye VR ni basi lile lile limegeuzwa: macho yanasema tunakimbia, sikio linasema tumekaa kwenye kiti cha plastiki Ng'ong'ona. Tumbo halijali nani alianza.

Kwa hiyo ukitaka mtu achukie VR maisha yake yote, muanzishe na ile programu ya kupanda vigari vinavyoporomoka. Kila mwenye miwani hufanya hivyo ili acheke, na ni upuuzi mtupu. Muanzishe na gemu ambayo dunia yake haisogei, wewe ndiye unayesogeza mikono. Beat Saber inafaa: umesimama palepale, vibuyu, samahani, vibox vinakuja, unavikata kwa muziki. Mkono wa kweli umesogea na mkono wa picha umesogea, hakuna ugomvi.

Akitaka gemu za kutembea, ingia kwenye mipangilio ya faraja kabla hajavaa. Chagua kuhama kwa kuruka kutoka nukta hadi nukta badala ya kuteleza. Chagua kugeuka kwa vipande badala ya kuzunguka polepole. Washa kivuli kinachofunga pembeni mwa macho wakati wa mwendo. Dakika kumi siku ya kwanza. Jasho jembamba likitoka kwenye paji la uso au mate yakianza kujaa, vua papo hapo; anayesema "acha nimalizie hii raundi" atamalizia nje. Feni ikimpiga usoni inasaidia, na atabaki akijua mbele ni wapi.

La pili ni ukungu. "Fundi, sioni vizuri," na mtu ana macho kama ya kipanga. Isogeze miwani juu na chini usoni mpaka maandishi yakae sawa, hiyo peke yake inaponya nusu yao. Kisha umbali kati ya mboni. Kwa watu wazima wastani ni kama milimita 63, na Quest 2 ina nafasi tatu za lenzi: 58, 63 na 68. Simama mbele ya kioo na rula, pima, sogeza lenzi kwa mkono. Zikikaa vibaya macho yanafanya kazi ya ziada na kichwa kinauma, hata bila kichefuchefu. Asubuhi za Julai, baridi yetu ile, lenzi zinapata mvuke mtu akivaa. Iache miwani iwake dakika chache ipate joto. Futa kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti ya padi usiiguse hapa, inaharibu lenzi.

Mama mkubwa alikuja kutoka Mpwapwa, akataka naye aone hicho kinachowafanya watoto wapige hewa. Nikamvalisha, nikamweka juu ya genge refu la kwenye picha, kwa ujinga wangu. Akapiga magoti taratibu, akashika sakafu kwa mikono miwili, vidole vikitafuta ukingo kwenye saruji tambarare.

"Mama mkubwa, vua tu, uko chumbani kwangu."

"Najua niko chumbani kwako," akasema, hajasogea. "Nishushe."

Chumba kidogo ni tatizo la kujitegemea. Gemu za kutembea zinataka eneo la wazi la kama mita mbili kwa mbili. Kama huna, chagua mpangilio wa kusimama au kukaa mahali pamoja, na kabla hujaanza angalia juu. Nimeshabadilisha panga moja la feni ya dari.

La mwisho ni "mikono yangu imepotea". Quest 2 inaona kwa kamera nne za nje, na vidhibiti vyake vina vitaa vya miale isiyoonekana ambavyo kamera zinavitafuta. Umeme ukikatika na ukabaki na mshumaa, kamera hazioni chumba. Jua kali likiingia, miale yake inafunika vitaa vile na mikono inaruka ovyo. Ukuta mweupe mtupu pande zote nao unaichanganya. Bandika kalenda, bango, chochote chenye michoro. Mimi nilining'iniza kanga mbili mlangoni, mlango unaangalia magharibi, na zikamaliza matatizo yote mawili, jua na ukuta.

Nilichelewa kuzining'iniza. Kabla yake, alasiri moja niliiacha miwani mezani lenzi zikiangalia mlango, nikaenda kununua vocha. Lenzi zile ni vioo vya kukuza, na zilifanya na jua la saa kumi kile tulichokuwa tukifanya utotoni kwa kioo cha tochi na jani kavu. Doa lipo mpaka leo, jicho la kushoto, juu kidogo pembeni. Kwenye gemu zenye anga, wateja wanadhani ni ndege.